Mizani ya Sauti: Redio za Magari Kakamega

Ukiichomoa redio iliyokuja na Toyota Probox kutoka kwenye dashibodi, ukaziwekea mita nyaya mbili zinazokwenda kwenye spika ya mlango, utakuta jambo lisiloonekana kwa macho. Redio ikiwa imewashwa na sauti imeshushwa hadi mwisho, hakuna waya hata mmoja kati ya hizo mbili ulio mtupu. Kila mmoja, ukipimwa dhidi ya bodi ya gari, una volti 6 hivi, au 7 injini ikiwa inanguruma. Spika imenyamaza kwa kuwa volti za upande huu ni sawa na za upande ule, mithili ya watu wawili wanaovutana kamba bila yeyote kusogea. Kwa fundi, nambari hiyo ni onyo: hapa hakuna waya wa ardhi, usithubutu kuugusisha chuma. Kwa anayetaka kujua historia ya ufundi huu, nambari hiyohiyo ni ushahidi. Inaonyesha kwamba kati ya redio za zamani na redio tulizo nazo leo kulitokea badiliko kubwa ambalo watu wengi hawakulisikia likipita. Katika mji wa Kakamega, kama kwingineko nchini, muziki wa magari husimuliwa kama habari ya nguvu: wati zilipanda, spika zikanenepa, stejini kukawa hakusemezeki. Nadhani masimulizi hayo yameshika mkia yakaacha kichwa. Kazi iliyolisha mafundi wa redio za magari kwa miaka mingi haikuwa kuongeza nguvu. Nguvu huuzwa dukani ndani ya boksi. Kazi yao ilikuwa kukutanisha vifaa visivyolingana: kimoja kinasema kwa volti 8, kingine kinasikiliza kwa sehemu ndogo ya volti moja. Ufundi huo wa mizani ndio ninaoona unastahili kuandikiwa historia.

Neno lenyewe la kwanza la kazi hii halikutoka kwenye gari. Tunaposema kifaa kina towe la laini, laini hiyo ni ya simu. Wahandisi wa kampuni ya simu ya Bell huko Marekani, katika miaka ya 1920, walihitaji kipimo cha kueleza sauti inavyopungua ikisafiri kwenye waya mrefu, na kipimo walichokitunga wakakiita desibeli kwa heshima ya Alexander Graham Bell. Baadaye watu wa simu na wa redio walikubaliana kwamba kiwango chao cha kuanzia kiwe miliwati moja kwenye ukinzani wa omu 600, yaani volti 0.775. Kiasi hicho ni kidogo mno, hakiwezi kuitikisa spika yoyote. Lakini hakikukusudiwa kutikisa spika. Kilikusudiwa kuibeba sauti kutoka chombo kimoja hadi kingine bila kuiharibu, na chombo cha mwisho ndicho kipewe kazi ya nguvu. Kwa hiyo tangu mwanzo palikuwa na ngazi mbili: ngazi ya kubeba, ambayo ni ya volti chache au pungufu ya hapo, na ngazi ya kusukuma spika. Matatizo yote nitakayoyaeleza hapa yametokana na kuchanganya ngazi hizo mbili.

Redio ya kwanza ya gari kupata soko kubwa, Motorola ya mwaka 1930, haikuwa na mchanganyiko huo kwa sababu kupokea na kukuza sauti kulifanywa na seti moja. Hali ilikuwa hivyo pia kwa redio zilizokuja Kenya ndani ya magari ya wakoloni na ya maofisa, kisha ya walimu wakuu na wafanyabiashara baada ya uhuru. Zilishika masafa ya kati na mafupi, na baada ya 1964 kilichosikika humo kwa sehemu kubwa kilikuwa idhaa ya Sauti ya Kenya. Zile za transista zilisukuma spika kwa njia ya upande mmoja: waya mmoja ulibeba sauti kupitia kapasita kubwa, wa pili ulifungwa kwenye bodi ya gari. Hesabu yake si ngumu. Betri ya gari linalotembea hutoa volti 14.4 hivi. Mfumo wa upande mmoja hauwezi kusogea zaidi ya nusu yake, volti 7, na ukitoa kinachopotea ndani ya transista inabaki 6 kwenye kilele, ambayo ni volti 4.2 kwa kipimo cha wastani wa nguvu. Kwenye spika ya omu 4 hizo ni wati 4 na nusu. Hakuna ujanja wa kupita hapo bila kubadili mfumo. Kila aliyesikiliza gitaa la George Mukabi, bingwa wa mtindo wa omutibo aliyefariki mwaka 1963, ndani ya gari la enzi hiyo, alilisikia kwa wati nne na ushee, na aliridhika.

Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963 na ikaingia magarini katika miaka iliyofuata, ilibadili nani anachagua muziki. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliwaruhusu wenye matatu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi, na gari la abiria likawa biashara ya mtu binafsi inayoshindana na jirani yake kwa kila njia, muziki ukiwa njia mojawapo. Kakamega ilikuwa makao makuu ya mkoa wa Magharibi na iko kwenye barabara itokayo Kisumu kuelekea Webuye na Kitale. Anayesubiri abiria Khayega au Chavakali, kwenye barabara hiyo, hasubiri peke yake. Wati 4 ndani ya gari lililojaa, dirisha wazi, injini chini ya kiti cha dereva, hazitoshi. Jibu la wakati huo lilikuwa busta: kiboksi cha kufungwa chini ya dashibodi, mara nyingi kikiwa na vitelezi vya kupandisha besi na sauti nyembamba, kilichochukua sauti kutoka kwenye waya wa spika wa redio na kuitoa ikiwa imekuzwa. Naomba msomaji akitazame vizuri kiboksi hicho, kwa maana watu wamekisahau. Kilikuwa chombo cha kwanza kuenea kilichopokea ngazi ya kusukuma kama kwamba ni ngazi ya kubeba. Ndani yake kulikuwa na resista za kuipunguza sauti kwanza ndipo ikuzwe upya. Yaani kabla ya kuongeza, ilibidi kupunguza.

Mfumo wa redio ulipobadilika, busta iligeuka kuwa hatari. Watengenezaji waliiacha njia ya upande mmoja, wakaweka vikuzaji viwili kwa kila spika, kimoja kwa kila waya, kimoja kikivuta wakati mwenzake anasukuma. Kwa volti zilezile 14.4, spika sasa inapata mvutano maradufu: 12 kwenye kilele badala ya 6. Volti zikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne, kwa hiyo wati 4 na nusu zikawa 18. Mfumo huo ndio chanzo cha volti 6 tulizozikuta nyuma ya redio ya Probox. Kila waya unakaa katikati ya betri ukisubiri kupanda au kushuka. Ukichukua busta ya kale, ambayo inaamini kwamba waya mmoja wa spika ni ardhi, ukaiunga kwenye redio ya aina hii, unaupeleka upande mmoja wa chipu moja kwa moja kwenye bodi ya gari. Chipu iliyo na bahati itajizima. Isiyo na bahati itaungua, na mwenye gari ataambiwa redio ilikuwa mbovu. Hapa ndipo ninapoona masimulizi ya nguvu yanaposhindwa kabisa. Mtu mwenye busta yenye nguvu na redio yenye nguvu amebaki bila sauti, kwa sababu tu vifaa viwili havikuelewana kuhusu maana ya sufuri.

Badiliko hilo liliwafikia Wakenya wengi kwa wakati mmoja. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 fedha za kigeni zilidhibitiwa na gari lilikuwa kitu cha wachache. Soko lilipofunguliwa, mitumba ya Japani ilianza kushuka Mombasa kwa wingi, nayo sheria iliyokuja baadaye ya kuzuia magari ya zaidi ya miaka minane ikahakikisha kwamba magari hayo yanaingia yakiwa bado na redio zake za kiwandani zinazofanya kazi. Ikawa ni redio nzuri zisizosikia. Japani iliitengea FM masafa ya megahezi 76 hadi 90, ilhali Kenya inatumia 88 hadi 108. Kwa hiyo katika megahezi 20 za hapa, redio ya mtumba ilizifikia 2 tu za mwanzo. Capital FM ilipofungua njia ya vituo binafsi mwaka 1996, na baadaye vituo vya lugha za nyumbani kama Mulembe FM vilipozuka, dereva mwenye redio safi ya Kijapani hakuweza kuvipata. Dawa yake ni kijisanduku kidogo kinachopachikwa kati ya antena na redio, ambacho mafundi hukiita ekspanda. Hushusha masafa yote kwa megahezi kumi na kadhaa ili kituo cha juu kionekane kana kwamba kiko chini ya 90. Namba inayoonekana kwenye kioo cha redio haiwi namba ya kituo, na dereva hujifunza kwa mazoea kwamba namba fulani ndiyo Radio Citizen. Hilo nalo ni suala la kiwango, ingawa si cha volti za spika. Ekspanda hafifu hushusha masafa pamoja na nguvu ya mawimbi yenyewe, na redio inayopokea mawimbi dhaifu hutoa mchakarisho ambao hakuna kikuzaji kitakachouondoa. Kikuzaji kitaukuza tu pamoja na wimbo.

Wapo waliokwepa ekspanda kwa kununua kile kijiti cha kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, kinachosoma flashi na kurusha wimbo kwa FM hadi kwenye redio iliyo sentimita chache tu kutoka hapo. Kwenye redio ya Kijapani kilibanwa kwenye ule uchochoro wa kati ya 88 na 90. Sauti yake ilidharauliwa, na wengi waliamini kwamba kosa ni la redio ya kiwandani. Lakini kijiti hicho kina kiwango chake cha kuingiza sauti, na ukikipandisha hadi mwisho, wimbo hupasuka kabla haujaruka hewani. Ukikishusha kidogo na kuipandisha redio badala yake, sauti husafika. Jambo dogo, na ndilo somo lote la kazi hii katika umbo lake la bei nafuu.

Tufike sasa kwenye maandishi yaliyopotosha soko kwa muda mrefu kuliko yote: wati 50 mara 4, yaliyochapwa kwenye uso wa redio zinazouzwa madukani. Tumeshaona kwamba betri ya gari na spika ya omu 4 haziruhusu zaidi ya wati 18 hivi za sauti safi. Hamsini imetoka wapi? Imetoka kwenye sauti iliyoharibiwa. Chukua volti 14.4, uzizidishe kwa zenyewe, ugawe kwa 4: unapata karibu 52. Hiyo ni nguvu ya redio iliyosukumwa hadi wimbi lake limekatwa vichwa, limebaki bapa juu na bapa chini, halina tena umbo la sauti ya mwimbaji. Hesabu yenyewe ni sahihi. Lakini inapima hali ambayo hakuna msikilizaji mwenye akili timamu angeitaka ndani ya gari lake. Mteja anaponunua hamsini na kupata kumi na nane, hufanya jambo la kawaida kabisa, huzungusha kitufe kwenda kuitafuta ile hamsini. Na huipata, kwa maana ndivyo ilivyopimwa. Baada ya wiki chache twita zimeungua, na fundi anaambiwa spika alizoweka hazikufaa. Kila twita iliyoungua kwa namna hiyo ni shahidi wa hoja yangu: haikuuawa na nguvu nyingi, iliuawa na redio ndogo iliyolazimishwa kupita kiwango chake. Wimbi lililokatwa huzalisha milio mipya ya juu isiyokuwamo kwenye wimbo, nayo milio ya juu yote huelekezwa kwenye twita, ambayo koili yake ni nyembamba kama uzi.

Ndipo mwenye gari anapoamua kununua amplifaya ya kweli, chombo chenye kigeuzi ndani kinachopandisha volti za betri, na subwoofa ya kuweka nyuma. Kama redio yake ni ya dukani, ina matundu ya RCA, yaliyopewa jina la kampuni ya Marekani iliyoyaeneza, nayo hutoa ngazi ya kubeba, kati ya volti 2 na 4 au 5 kwenye zilizo bora. Kama redio ni ile iliyokuja na gari, kwa kawaida haina matundu hayo. Kuna nyaya za spika tu, ambazo kwa sauti ya juu zina volti 8 na nusu, na kuna amplifaya inayotarajia kitu fulani kati ya volti 0.2 na 4. Kinachosimama katikati yao ni konvata. Konvata za bei ya chini hupunguza kwa resista tu. Nyingine zina transfoma ndogo ambayo hutenganisha ardhi ya redio na ya amplifaya, na kwa hiyo huondoa ule mluzi wa altaneta unaopanda na kushuka na mwendo wa injini. Transfoma ikiwa ndogo mno, besi nzito huijaza hadi ikashindwa, na besi inatoka ikiwa imevurugika. Kila moja ina kasoro yake na ina mahali pake, na fundi anayejua ni ipi ya kutumia wapi ana elimu ambayo haikuandikwa kwenye boksi la chombo chochote.

Kisha kuna kitufe kidogo cha bisibisi kwenye ubavu wa amplifaya, kilichoandikwa gaini. Hakuna kitu katika ufundi huu kilichoeleweka vibaya kama hicho. Karibu kila mteja hukiona kama kitufe cha pili cha sauti, na huomba kizungushwe hadi mwisho ili apate thamani ya pesa zake. Gaini haiongezi wati hata moja katika uwezo wa amplifaya. Inaiambia amplifaya itegemee volti ngapi kutoka kwa redio. Ikiwekwa kwenye 4, amplifaya itafika kilele chake redio ikileta volti 4. Ikiwekwa kwenye 0.2, itafika kilele hichohicho redio ikiwa bado inanong'ona, na kila kitakachofuata ni wimbi lililokatwa kichwa. Zaidi ya hapo, mluzi na mchakarisho wa nyaya hukuzwa kwa kiasi kilekile. Redio inayotoa volti 4 badala ya nusu volti inatupa tofauti ya desibeli 18 za kuushusha uchafu huo, bila kubadili spika wala amplifaya.

Najua pingamizi la kwanza, nalo si dogo. Watasema: watu wa huku hawataki mizani, wanataka kishindo; ngoma zetu ni za kishindo, arusi na matanga yetu vilevile, na gari la abiria lililopoa hubaki stejini. Ni kweli kwamba kishindo kinapendwa. Lakini itazame isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga, na jina lenyewe la mchezo limetoka kwenye ngoma hizo. Zikipigwa vizuri, ndogo haimezwi na kubwa. Mpigaji wa ngoma kubwa anaweza kuipiga kwa nguvu zaidi wakati wowote, lakini akifanya hivyo mchezo unavunjika, na wachezaji ndio watakaokuwa wa kwanza kumwambia. Kwa hiyo desturi ya kishindo tuliyo nayo ni desturi ya kishindo kilichopangwa. Anayeitumia kutetea amplifaya inayopasuka anaitaja isukuti bila kuisikiliza. Na kuna jambo la sikio pia: mfumo wa wati 18 ulio safi, wenye spika zinazoitikia vizuri, husikilizika kwa muda mrefu zaidi bila kuchosha kuliko wati 50 zilizokatwa. Kishindo chenyewe, basi, kinadai mizani.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu. Linasema kwamba vipimo ni mambo ya maabara. Muziki si mlio mmoja wa mashine, na fundi mwenye sikio zuri hahitaji mita. Utaratibu wa vipimo ni huu: weka kwenye flashi mlio wa hezi 50 uliorekodiwa kwa kiwango cha juu kabisa, chomoa spika, pandisha redio hadi pale inapoishia usafi wake, kisha zungusha gaini huku mita ikisoma volti za AC kwenye mdomo wa amplifaya. Kama amplifaya ni ya wati 100 kwa omu 4, simama kwenye volti 20, kwa kuwa 20 mara 20 gawa kwa 4 ni 100. Mita ya bei ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya umeme wa nyumbani, ambao nchini Kenya ni wa hezi 50, inaupima mlio huo kwa uhakika, na hiyo ni bahati njema kwa fundi asiye na oskiloskopu. Lakini ndani ya gari lililopangwa hivyo, ukipigwa wimbo wa Mukabi au wa kundi la Abana ba Nasery, sauti itakuwa ndogo. Rekodi hizo hazikubanwa hadi kwenye dari kama nyimbo za leo. Wastani wake uko desibeli nyingi chini ya kilele. Dereva atapandisha, kisha wimbo mpya utaingia na kumrusha kwenye kiti. Mafundi wanaojua hilo hutumia mlio uliorekodiwa desibeli 5 au 10 chini ya kilele, wakakubali kwamba nyimbo za kisasa zitaguswa kidogo vichwani ili za kale zisikike. Huo ni uamuzi wa sikio, na pingamizi lina haki hapo. Ila sikio limeamua baada ya mita kuonyesha mpaka uko wapi. Sikio pekee, ndani ya karakana iliyo kando ya barabara yenye malori, haliwezi kuusikia mwanzo wa kukatwa kwa wimbi. Huusikia ukiwa umeshafika mbali. Mimi kipimo changu cha mwisho kingekuwa ile chupa ya soda inayogongwa kwa chuma nyuma ya gitaa la Abana ba Nasery. Gaini ikizidi, mlio wa chupa hiyo ndio wa kwanza kupoteza umbo lake.

Wengine watauliza kwa nini Kakamega, wakati matatu zilizopambwa ziko Nairobi, na huko ndiko mitindo huanzia. Nairobi ina sifa zake na hazipingiki. Lakini nganya, yaani matatu hiyo iliyopambwa, hujengwa upya kuanzia bodi; redio ya kiwandani hutupwa siku ya kwanza, na mjenzi huchagua kila kifaa kilingane na kingine tangu mwanzo. Probox inayopakia kati ya masoko ya magharibi haitupi kitu. Mwenye gari anataka redio iliyokuja nalo ibaki, waya zisikatwe ovyo, na kinachoongezwa kiweze kutolewa gari likiuzwa. Hapo ndipo suala la viwango linapokuwa gumu zaidi, na ndiyo maana historia yake inaonekana wazi kwenye mji wa ukubwa huu kuliko kwenye gereji za maonyesho.

Sheria nayo iliangalia nguvu peke yake. Kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira ziliweka ukomo wa desibeli kwa maeneo ya biashara na makazi. Ni za haki, maana abiria mgonjwa na mtoto mchanga hawakuchagua wimbo. Lakini kipimo cha nje ya gari hakiwezi kutofautisha sauti kubwa iliyo safi na ndogo inayokwaruza, wala hakuna kanuni iliyowahi kumuuliza mwenye amplifaya gaini yake iko wapi. Malalamiko mengi ya abiria, nadhani, yangepungua bila kushusha sauti sana, kama ile iliyopo ingekuwa safi.

Siku hizi redio za Android kutoka China zimezijaza dashibodi. Mara nyingi huletwa na betri iliyochomolewa: redio ya Kijapani yenye ramani, ikikosa umeme, huamka ikidai kadi yake ya ramani iliyobaki Japani, na mwenye gari huona heri kuibadilisha. Kioo kipya kina fremu ya milimita 200 ya Toyota na plagi zake za pini 10 na pini 6, hivyo hakuna waya wa kukata. Je, ugumu wa viwango umekwisha? Matundu ya RCA yapo, lakini kwenye redio nyingi za bei nafuu hutoa volti moja au mbili tu, na bluetuthi ya simu imeongeza kitufe cha tatu cha sauti juu ya vile viwili vilivyokuwepo. Simu ikiwa nusu, redio ikiwa juu na gaini mwisho, mchakarisho hurudi palepale. Kwenye magari mapya zaidi kiwanda chenyewe hupunguza besi kadiri sauti inavyopanda ili kulinda spika zake ndogo, kwa hiyo anayechukua ishara kwenye waya wa spika anachukua muziki uliokwisha kupunjwa, na inambidi aurudishe kwa chombo cha kidijitali kabla ya kuukuza.

Na kazi imeshahamia kwenye magurudumu mawili. Bodaboda, zilizoanza kwa baiskeli huko Busia mpakani, ziligeuka kuwa pikipiki kwa kasi baada ya kodi yake kupunguzwa mwaka 2008, na nyingi zinazopita Lurambi, hapo Kakamega, leo zina redio ya flashi kwenye usukani. Ndani yake kuna chipu moja, betri ndogo ya volti 12 na spika mbili zilizofungiwa kwenye plastiki. Kabla ya kumuuzia mwendeshaji spika kubwa zaidi, fundi mwangalifu huomba flashi yake kwanza, akapiga wimbo kutoka humo, kisha akaupiga wimbo uleule kwa simu iliyounganishwa na redio hiyo, simu ikiwa imeshushwa vijiti viwili, ili mwenye pikipiki asikie mwenyewe mahali mkwaruzo unapoondokea.